Ziara ya Debre Libanos, Ethiopia

Kutoka Addis Ababa hadi Debre Libanos ni mwendo wa kilomita 100 hivi kuelekea kaskazini, katika nyanda za juu za Shewa. Mashamba ya ngano na tefu yanaendelea mpaka ghafla ardhi inakatika na korongo refu linafunguka mbele yako. Monasteri ya Waorthodoksi imejificha chini ya genge. Tukateremka.

Tulitarajia jengo kongwe. Tulikuta kanisa kubwa la mwanzoni mwa miaka ya 1960, lililojengwa kwa amri ya Mfalme Haile Selassie. Ukongwe wenyewe ni wa jamii ya watawa, iliyoanzishwa na Mtakatifu Tekle Haymanot katika karne ya 13. Mkuu wao, echege, alikuwa kwa karne nyingi Mwethiopia mwenye cheo kikubwa kuliko wote kanisani, kwa kuwa askofu mkuu aliletwa kutoka Misri. Katika karne ya 16 jeshi la Imam Ahmad ibn Ibrahim liliteketeza monasteri hiyo, ikajengwa tena.

Sisi walimu wa lugha tuliitazama kidogo, tukaisikiliza zaidi. Ibada huendeshwa kwa Kigeez, ambacho leo si lugha ya mama ya mtu yeyote. Humo mna mashaf (kitabu), manbar (kiti cha enzi) na wangel. Darasani tumezoea kusema kwamba msahafu, mimbari na injili ni maneno ya Kiarabu, tukaishia hapo. Wataalamu wengi wa asili ya maneno hurudi hatua moja nyuma: Kiarabu chenyewe kiliyapokea kutoka Kigeez, na wangel nalo lilitoka Kiyunani. Kumbe miaka yote tumekuwa tukitoa alama kamili kwa nusu ya jibu!

Lugha isiyo na mama huishi kwa mwalimu na mwanafunzi. Ndiyo maana habari za 1937 zilitugusa. Tarehe 19 Februari mwaka huo vijana wawili kutoka Eritrea walimrushia mabomu Rodolfo Graziani, mtawala wa Kiitalia, mjini Addis Ababa. Alijeruhiwa, akapona. Baada ya mauaji ya siku tatu mjini, aliishutumu Debre Libanos kwamba iliwahifadhi vijana hao, akamtuma Jenerali Pietro Maletti.

Askari waliizingira monasteri mwezi Mei, wakati mahujaji wamefurika kwa sikukuu ya Tekle Haymanot. Tarehe 21 watu walipakiwa katika malori, wakapelekwa Laga Welde na kupigwa risasi kando ya korongo. Mashemasi, ambao wengi wao walikuwa vijana wanaosoma, walitengwa. Nao wakauawa siku chache baadaye karibu na Debre Berhan. Graziani alihesabu waliouawa 449. Utafiti wa Ian Campbell na Degife Gabre-Tsadik unataja kati ya 1,400 na 2,000. Aliiarifu Roma kwamba hakuna alama yoyote ya monasteri iliyobaki, na hakuhukumiwa kamwe kwa mauaji hayo.

Tulipokuwa tukiondoka, mzee mmoja alikuwa ameketi chini ya mti akimsomesha kijana. Mzee alitamka mstari wa Kigeez, kijana akaurudia. Alipokosea, akarudishwa mwanzo.