Mpe Msichana Hiyo Mashine

Desemba iliyopita tulikuwa Diani na familia. Kuna mzungu mmoja mzee alikuwa anatembea ufuoni na mashine ya kutafuta chuma, zile za mpini mrefu na sahani ya duara chini. Anatafuta pete na cheni ambazo watu huangusha mchangani. Binamu yangu ana miaka 13. Alimfuata huyo mzee karibu nusu saa, maswali tu, hadi mzee akamwambia haya, shika ujaribu. Kabla ashike, mjomba akaita: "Wewe, kuja usaidie kina mama kupakua chakula. Mpe kakako." Kakake akashika dakika tano, akapata kizibo cha soda, akachoka, akarudi kwa simu yake. Binamu yangu alipakua pilau akiangalia ile mashine.

Manze, hiyo kitu ilinikaa. Na mimi nikikasirika huwa nasoma.

Hii mashine ina stori. Julai 1881 rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi na ikabaki ndani. Alexander Graham Bell, ndiyo, yule wa simu, akaunda kifaa cha umeme cha kuitafuta bila kupasua mtu. Lakini daktari mkuu alikuwa ashaamua risasi iko upande wa kulia, kwa hivyo Bell akaruhusiwa kupima huko tu. Juu ya hiyo, kitanda kilikuwa na springi za chuma zikivuruga mlio. Garfield akafa Septemba. Kumpasua, risasi ilikuwa kushoto.

Soma hiyo tena. Hata mashine ingekuwa safi kiasi gani, isingepata kitu upande ambao mwenye amri amekataa ipelekwe. Ndiyo maana naona ni muhimu nani ameshika mpini.

Vita vya Pili vya Dunia viliiweka mikononi mwa wanajeshi. Afisa Mpolandi, Józef Kosacki, aliunda ya kutafuta mabomu ya ardhini, na 1942 ilisafisha njia kule El Alamein, Misri. Baada ya vita ikawa pia mchezo wa wikendi wa wazee Uingereza. Wanaume na wanaume tena. Nafikiri hapo ndipo tulipokariri kwamba hii ni kazi ya kiume.

Sasa twende Angola. Vita viliisha huko 2002 lakini mabomu yakabaki mashambani. Mwaka wa 2017 shirika la HALO Trust lilianza kuunda vikosi vya wanawake watupu wa kuyatoa. Fikiria kazi yenyewe: jua kali, kinga ya uso, fulana nzito, unapitisha mashine juu ya kipande kidogo cha ardhi, unasikiliza. Ikilia, unapiga magoti na kuchimba taratibu kutoka pembeni. Inaweza kuwa msumari. Inaweza kuwa kifo. Mara nyingi ni takataka tu, na bado huwezi kuharakisha. Hii si kazi ya misuli, wasee. Ni ya masikio na subira. Halafu mtu aniambie msichana hawezi kutafuta shilingi ufuoni?

Na hapa kwetu, macho ya wanawake yameokota mengi hata bila mashine. Tarehe 17 Julai 1959, kule Olduvai, Tanzania, Louis Leakey alikuwa mgonjwa kambini. Mkewe Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu la takriban miaka milioni 1.75. Mary hakuwa amesomea digrii. Sifa nyingi zilimwendea bwana. Kawaida.

Mwaka wa 2013 kisiwani Manda, Lamu, timu iliyoongozwa na Chapurukha Kusimba na mwanamke, Sloan Williams, ilipata sarafu ya China ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Kitu kidogo chenye tundu katikati, na kinakuambia Pwani yetu ilikuwa inafanya biashara na nani kabla Vasco da Gama afike.

Lakini msikimbie Gede na majembe. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inasema kutafuta mambo ya kale kunahitaji leseni, na ukiokota kitu cha kale lazima uripoti kwa Makavazi ya Kitaifa. Sawa kabisa. Ukikichomoa na kukiuza, hakuna atakayejua kilikuwa kando ya nini, na stori yake yote imeenda. Kwa hivyo dada, ukitaka kuchimba kihalali, soma akiolojia chuoni.

Yule mzee alisema huja Diani kila Desemba. Nishamwambia mjomba mapema: mwaka huu pilau napakua mimi.