Ngano ya Basotu: Mtaji wa Nani, Hasara ya Nani?

Mtaji una mwenyewe, na kampuni humsikiliza mwenye mtaji kabla ya jirani yake. Ushahidi mzito wa jambo hili uko wilayani Hanang. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianza kulima ngano Basotu. Canada ikaingia na msaada, mashamba yakafika saba, yenye ekari zipatazo 100,000. Msaada huo ulikuja na masharti: sehemu kubwa ya fedha inunue mitambo na utaalamu wa Canada. Kwa hiyo tambarare ya Basotu ikalimwa kwa matrekta makubwa na kombaini, kwa vipuri vya kuagizwa na vibarua wachache. Fedha hizo zilipaswa kujibiwa Ottawa na Dar es Salaam. Hakuna hata shilingi moja iliyolilazimu shirika kujieleza kwa wafugaji wa Hanang.

Nao ndio waliolipa. Wafugaji hao, Wabarabaig, walilisha kwa zamu: miteremko ya Mlima Hanang, kandokando ya Ziwa Balangida, na nyasi nono za tambarare, wanazoziita muhajega. Malisho yaliyopumzishwa yalionekana kama ardhi isiyo na mtu. Muhajega ilipolimwa, ng'ombe walibanwa kwenye sehemu zilizobaki, udongo ukachoka, na makorongo yakachimbika mashambani kwenyewe. Makaburi ya wazee, vilima vya udongo ambavyo koo huviheshimu, yakapitiwa na majembe ya trekta. Hasara hiyo haikuingia katika hesabu za mradi, na hapo ndipo lilipo kosa lenyewe.

Watetezi wa mradi watasema taifa lilihitaji mkate, na kwamba mtaji wa umma ni wa wananchi wote. Kweli, mashamba hayo yalizalisha ngano nyingi. Lakini mkate uliliwa zaidi mijini, na aliyepoteza malisho hakuwa na hisa wala kiti penye maamuzi. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani dhidi ya NAFCO mwaka 1981. Mahakama Kuu ikakipa haki, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Wengine watasema mtaji binafsi ungekuwa na adabu zaidi. Sioni sababu ya kuamini hivyo: mwekezaji asiyewajibika kwa mwenye ardhi atafanya yaleyale, awe serikali au mfanyabiashara. Msaada wa Canada ulipokoma miaka ya 1990, mashamba yalishindwa kujiendesha, mengine yakauzwa, mengine yakarudi kwa wananchi.

Leo mtaji unatafutwa kwa njia nyingine: hatifungani za kijani, yaani mikopo inayokusanywa kwa miradi ya mazingira, zinauzwa nchini; benki ya CRDB iliuza yake mwaka 2023, na mamlaka ya maji Tanga ikafuata mwaka 2024. Ni hatua njema, kwa sababu mkopeshaji anadai taarifa ya mazingira pamoja na riba. Ila taarifa hiyo isomwe pia na wanaoishi kwenye ardhi inayotumika, kwa lugha yao, kabla fedha hazijatoka. Bila sharti hilo, wenye akiba wasinunue.