Kitani cha Zamani na Kazi ya Mikono ya Mama Zetu

Katika jubile desturi yetu ni kutaja majina ya wamisionari, mwaka walipofika na nyumba walizojenga. Ni haki kufanya hivyo. Lakini iko historia nyingine ambayo haikuandikwa kwa wino. Iliandikwa kwa sindano na uzi, nayo inalala katika masanduku ya nyumba zetu na makabati ya sakristia.

Mapadri wa Assomption walifika katika nchi yetu mwaka 1929. Pamoja na altare kilikuja kitambaa cha kitani. Kitani ni nyuzi za mmea uliolimwa tangu zamani katika Ubelgiji, hasa kando ya mto Lys, karibu na Kortrijk. Kanisa lilikipendelea kwa sababu ni imara, nacho huvumilia kufuliwa mara nyingi.

Wakati wa ukoloni, shule za wasichana zilitia mkazo katika kushona, kufuma na kutarizi. Tuseme ukweli: mvulana alifunguliwa njia ya seminari na ya ofisi, bali wasichana wengi walipewa sindano tu. Hata Uhuru ulipofika mwaka 1960, wanawake waliosoma sekondari walikuwa wachache mno. Walakini kwa sindano hiyo walitia maua, misalaba na herufi katika vitambaa vya meza, shuka na mito, kwa uvumilivu wa ajabu.

Leo vitambaa hivyo vimezeeka. Vingine vina matundu, vingine vimekuwa matambara ya kupangusia. Kila kinapotupwa, inapotea kazi ya mkono ambayo haimo katika kitabu chochote.

Iko njia ya kuvirudishia uhai. Kitambaa hufuliwa polepole, matundu huzibwa, na sehemu dhaifu hutiwa kitambaa chepesi kwa nyuma. Kisha hupangwa tabaka tatu: kitani juu, pamba au bulangeti kuukuu katikati, kitambaa kizima chini. Meno ya mashini ya kushona hushushwa au hufunikwa, ili mkono wenyewe uongoze kitambaa kila upande, pasipo mistari iliyochorwa. Mshono ukizunguka ua kwa karibu, ua lenyewe huinuka na kuonekana tena. Asiye na mashini atumie sindano ya mkono.

Wazo hili si geni kwa watu wa asili ya Afrika. Katika Karnataka, nchini India, wanaishi Wasidi, uzao wa Waafrika, ambao wengi wa wazee wao walipelekwa Goa na Wareno wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona kwa mkono blanketi ziitwazo kawandi, kwa vipande vya nguo kuukuu. Huanza pembeni na kuzunguka hadi katikati, wala hawafuati kielelezo. Wakatoliki kati yao hutia misalaba.

Jambo moja lishikwe. Vitambaa vilivyobarikiwa kwa ibada visigeuzwe kuwa vya kitandani: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1171, yadai viheshimiwe. Kwa desturi, vilivyochakaa huchomwa au huzikwa. Vya nyumbani ndivyo vya kushona upya.

Huku Musienene usiku una baridi, na bulangeti ni mali. Basi, mabinti wafungue masanduku pamoja na bibi zao, waulize kila ua lilitiwa na nani, na jina hilo walishone pembeni. Bwana wetu, baada ya kuwashibisha watu, aliamuru vipande vikusanywe. Nasi tuvikusanye vya kwetu, wangali hai wanaokumbuka.