Polisi na uokoaji wa watu wenye ulemavu wakati wa dharura: Jinja na Mbale

Moto au mafuriko yakija, asiyeona, asiyesikia na anayetumia kiti cha magurudumu huwa katika hatari kubwa zaidi ikiwa waokoaji hawajui namna ya kumtoa.

Kwa nini polisi wafundishwe?
Nchini Uganda, zimamoto ni idara ya Jeshi la Polisi. Anayefika kuokoa watu mara nyingi ni askari polisi.

Yaliyotokea
Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Oktoba, bweni la shule ya wasioona ya Salama liliungua usiku wilayani Mukono, magharibi mwa Jinja. Watu 11 walikufa, wengi wao wakiwa watoto wa kike.

Sheria inasemaje?
Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 11 kinaitaka serikali kuwalinda watu hao wakati wa maafa. Mkimbizi na mwenyeji wote wanahusika.

Askari anapaswa kujua nini?
- Ajitambulishe, kisha amuulize mtu asaidiwe vipi. Asimnyanyue ghafla.
- Asiyeona ashike kiwiko cha askari, aelezwe mbele kuna nini: ngazi, maji au mlango.
- Asiyesikia haamshwi na king'ora. Atumiwe mwanga wa tochi, ishara za mikono au maandishi.
- Anayebebwa abebwe na watu wawili au zaidi. Kiti au magongo yake yafuate, kwani bila hayo hawezi kujitegemea kambini.
- Mwenye ulemavu wa akili aambiwe maneno machache, kwa upole, na asitenganishwe na mlezi wake.

Wewe ufanye nini leo?
- Mjulishe mwenyekiti wa LC1 au kiongozi wa wakimbizi kwamba nyumbani kuna mtu mwenye ulemavu.
- Kubaliana na majirani wawili watakaokuja kumtoa.
- Njia ya mlangoni isizibwe na mizigo.
- Dharura ikitokea, piga 999 au 112. Taja mahali, aina ya ulemavu na chumba alimo.

Askari aliyefundishwa bado anahitaji kuambiwa mtu yuko wapi. Hilo majirani ndio wanaolijua.