Silsila ya Nzi wa Matunda

Alfred Sturtevant, kijana aliyelelewa katika shamba la wazazi wake huko Alabama, Marekani, alikuwa na shauku ya kuandika nasaba za farasi wa baba yake: nani kazaliwa na nani, na rangi ya babu imerudije kwa mjukuu. Shauku hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa Thomas Hunt Morgan, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, ambako nzi wa matunda, wale wadogo wenye macho mekundu wazungukao ndizi zilizoiva kupita kiasi, walifugwa kwa maelfu ndani ya chupa za maziwa. Nawataja farasi hao kwa sababu naamini kwamba elimu nitakayoieleza, pamoja na hadubini na hesabu zake zote, asili yake ni elimu ya nasaba.

Wanazuoni wa Columbia walisadiki kwamba jeni zimepangwa kwa safu juu ya kromosomu, yaani zile nyuzi zilizo ndani ya seli. Na Sturtevant, angali mwanafunzi, usiku mmoja wa mwaka 1911 aliziweka kando kazi zake za darasani akachora ramani ya kwanza ya safu hiyo, iliyochapishwa 1913. Mwaka 1921, alipolinganisha spishi mbili zifananazo mno, Drosophila melanogaster na Drosophila simulans, ambazo leo yajulikana kwamba zote mbili asili yake ni bara letu la Afrika, aliona kwamba jeni tatu za kromosomu ya tatu hazikufuatana kwa utaratibu mmoja. Jeni zilikuwa zile zile, ila kipande cha uzi kilikuwa kimekatika pande mbili, kikapinduka, kikaungana tena, mwisho ukawa mahali pa mwanzo.

Jambo hilo lilithibitishwa kwa hesabu za uzao tu, hata Theophilus Painter wa Chuo Kikuu cha Texas alipowaonyesha watu uzi wenyewe mnamo 1933. Katika tezi za mate za buu wa nzi, kromosomu hujinakili tena na tena bila nakala zake kuachana, zikanenepa hata mistari yake myeusi na myeupe, isiyolingana kwa upana wala kwa nafasi, ikasomeka. Na buu aliyerithi uzi mnyofu kwa mzazi mmoja na uliopinduka kwa mwingine, nyuzi zake hizo mbili, maadamu kila sehemu huitafuta ya mwenziwe, hujikunja zikafanya kitanzi kilicho dhahiri kwa mwenye kutazama.

Aliyepata kulinganisha hati za kale za tenzi ataielewa hoja iliyofuata bila taabu, kwani beti zilizopanguka kwa namna moja katika hati mbili hushuhudia kwamba hati hizo zina asili moja. Mwaka 1936 Sturtevant, ambaye sasa alikuwa Pasadena, California, pamoja na Theodosius Dobzhansky, mzaliwa wa Ukraine aliyehamia Marekani 1927, waliitumia hoja hiyo kwa nzi wa mwituni, Drosophila pseudoobscura. Tuseme mpangilio mmoja ni ABCDEFGH. Kipande BCDE kikipinduka, tutapata AEDCBFGH. Na katika huo, CBFG ikipinduka, tutapata AEDGFBCH. Wa kwanza hauwezi kuwa wa tatu kwa mpinduko mmoja. Sharti upitie wa pili. Hoja haisemi nani mzee na nani kijana, kwa kuwa njia hupitika kwa kwenda na kwa kurudi, lakini husema bila shaka nani yu kati ya nani. Kwa hiyo mipangilio waliyoikuta, wakaipa majina kama vile Arrowhead, Pikes Peak na Chiricahua, iliungana ikawa shajara moja. Na palipokosekana kiungo, baina ya mpangilio wa Standard na ule wa Santa Cruz, walikiweka kwa kukisia, wakakiita Hypothetical. Sijui ithibati ya fikra iliyo nzuri kuliko hiyo: kumpa jina babu asiyeonekana, kwa kuwa wajukuu wake hawaelezeki bila yeye.

Yasikitisha kwamba usuhuba wa wawili hao ulivunjika baadaye. Dobzhansky aliendelea na nzi wake katika milima ya California, akagundua kwamba mipangilio hiyo huzidi na kupungua kwa majira ya mwaka: Standard ikishuka tangu Machi hata Juni, Chiricahua ikipanda, kisha hali ikirejea. Hivyo mpinduko haukuwa kumbukumbu ya kale tu. Uteuzi wa maumbile ulikuwa ungali ukiufanyia kazi.

Wakati huohuo Hermann Muller, mwanafunzi mwingine wa Columbia, alilinganisha spishi mbalimbali akadai, mnamo 1940, kwamba nzi wote wa jamii hii wana mikono sita ya kromosomu, akaipa herufi A mpaka F, na kwamba jeni, zijapopanguka vipi ndani ya mkono wao, aghalabu haziuhami. Muller alifariki 1967, Sturtevant 1970, Dobzhansky 1975. Jenomu ya melanogaster ilichapishwa 2000, na ya pseudoobscura 2005. Zilipowekwa bega kwa bega, utaratibu wa jeni ulionekana umepinduliwa mara nyingi mno, ilhali jeni zenyewe, isipokuwa chache, zilikuwa zimebaki kila moja katika mkono wake.