Safu ya Lugha: Kuchambua si kupanga

Kusema hifadhidata “inachambua” majina kwa alfabeti ni kupotosha, inayapanga. Mkulima wa kahawa Mbinga hachanganyi mambo haya: huchambua matunda, mabivu yakabaki, mabichi na yaliyooza yakatolewa, na fungu likapungua. Kupanga hakupunguzi kitu, hubadili mfuatano tu, kama majina haya ya mahali: Kigonsera, Liuli, Mbamba Bay. Mbinu aliyoichapisha mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare mwaka 1961 hupanga haraka kwa kuigawa orodha tena na tena, vidogo huku, vikubwa kule. Kuna atakayedai kwamba kugawa huko ndiko kuchambua. Basi atuonyeshe jina lililotupwa. Faharasa nayo haipangi upya, huhifadhi mfuatano uliokwisha kupangwa, ndiyo maana hifadhidata yenye faharasa ifaayo hujibu upesi.