Hewa ya Kibo

Wengi huuliza kwa nini watu wenye afya njema hushindwa kufika kilele cha Kilimanjaro, ilhali njia ya Marangu haihitaji kamba wala ufundi wa kukwea miamba. Jibu linalotolewa upesi ni baridi. Lakini kwa baridi mtu huvaa nguo nzito yakaisha. Adui mkubwa zaidi ni hewa, na historia ya kumtambua adui huyo ina funzo.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, aliona weupe juu ya mlima. Bwana Kheri, mtu wa pwani, hakuwa na jina la kitu kile. Alisema tu kwamba ni baridi. Wamisionari wa wakati huo walisimuliwa pia habari za watu waliotumwa na mtawala wa Machame kwenda kuuchunguza weupe huo. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibika. Theluji ilionekana, hivyo haikukosa kuelezwa. Hewa haionekani, na kwa hiyo madhara yake yalihesabiwa kuwa kazi ya pepo.

Huko Ufaransa, miaka 200 kabla ya safari ya Rebmann, Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme na kipimahewa cha zebaki. Kadiri alivyopanda, zebaki ilishuka. Ikadhihirika kwamba hewa ina uzito, na kwamba aliye juu ana hewa chache ya kumkandamiza. Mwaka 1878 mwanasayansi Paul Bert akaeleza matokeo yake mwilini. Hewa ya Kibo ina asilimia 21 ya oksijeni kama hewa ya Tanga. Kinachopungua ni kanieneo. Kwa hiyo kwenye meta 5,895 kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni tuliyoizoea pwani.

Sasa tumtazame Hans Meyer. Mwaka 1887 alijaribu kupanda Kibo akazuiwa na barafu, na mwenzake alikwisha choka kabla yake. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, na safari hii alipanga kambi kwa ngazi. Wapagazi walipeleka chakula kutoka Marangu hadi kambi iliyokuwa juu ya meta 4,000, ambako Mwini Amani wa Pangani alikaa na wageni hao wawili. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, wakaona muda hautoshi, wakashuka. Tarehe 6 Oktoba walifika kileleni. Shabaha ya Meyer ilikuwa kutokosa chakula. Lakini siku zile za kungoja, kupanda na kushuka ziliipa miili yao nafasi ya kuzoea.

Mwili huzoea hivi: kwanza mtu huhema kwa kina zaidi, hata usingizini. Kisha figo hurekebisha damu ili kuhema huko kuendelee, ndiyo maana mtu huenda haja ndogo mara kwa mara. Chembe nyekundu za damu nazo huongezeka, lakini hilo huchukua majuma. Hakuna hata moja kati ya haya linaloharakishwa kwa misuli.

Nililiona hilo kwa macho nilipofuatana na wanachuo wa ualimu miaka ya 1980. Kijana mmoja, mwanariadha hodari, alitutangulia siku zote mbili. Usiku wa Horombo, penye meta 3,700 hivi, aliumwa kichwa na kutapika, na kulipokucha alikuwa akiyumba kama mlevi. Akasema, "Mwalimu, nitajikaza." Kiongozi wetu, mzee wa Marangu, hakubishana naye. Alimpa mpagazi mmoja kazi ya kumteremsha saa ile ile. Kijana alilia kwa aibu. Jioni yake, huko Mandara, alikula ugali wake wote. Kuyumba kule ni dalili kwamba ubongo unavimba, na aliyefika hapo akizidi kupanda anaweza kufa. Dawa ya kwanza ni kushuka.

Wataalamu siku hizi hushauri kwamba juu ya meta 3,000 mtu asipandishe mahali pake pa kulala zaidi ya meta 500 kwa siku. Ndugu msomaji, piga hesabu mwenyewe: Mandara iko meta 2,700 hivi, Horombo 3,700, kibanda cha Kibo 4,700. Anayepanda bila siku ya ziada huruka meta 1,000 kila siku, kisha usiku wa manane anaondoka kwenda kileleni. Siku hiyo hupunguzwa ili kuokoa fedha, na anayelipa gharama yake ni mwili.

Wapagazi na viongozi wetu husema "pole pole" tangu zamani, na wageni huliona kuwa neno la kufurahisha. Ni elimu, iliyopatikana kwa kuwabeba walioshindwa. Kijana wako akikuaga kwamba anakwenda Kibo, mwombe alale Horombo siku mbili, na kiongozi akimwambia ashuke, ashuke bila kusubiri kulipokucha.